Chuma Chini ya Jiko

Muuguzi alipoibandua bandeji kwenye jicho la kulia la Mzee Mahamudu, mzee aliitazama kwanza mikono yake, akaigeuzageuza, kisha akamtazama mkwewe Tunu na kumwambia kwamba amekonda. Tunu alicheka hadi machozi yakamtoka. Miaka sita mzee huyu alikuwa akiongozwa kwa fimbo kutoka chumbani hadi uani, huko kwao Nandagala, na watu wa nyumbani walishazoea kumwona akimgeuzia mtu sikio badala ya uso. Ismaily, mume wa Tunu, alikuwa na palizi ya mikorosho isiyosubiri, kwa hiyo Tunu ndiye aliyempeleka baba mkwe hospitalini Nachingwea kuondolewa mtoto wa jicho. Alilala naye wodini usiku mmoja, na sasa walikuwa wameruhusiwa.

Gari la Ruangwa, la kuwarudisha kwao, lilikuwa la saa saba mchana. Mzee akasema ana njaa, na kwamba angependa kunywa chai kwenye Jengo la Karanga kama bado limesimama.

Lilikuwa limesimama. Wazungu waliokuja kulima karanga baada ya vita kuu ya pili walilijenga kwa mawe, wakalitia sakafu ya mbao za mninga na ngazi pana ya kupandia ghorofani. Karanga zilipowashinda wakaenda zao, likawa ghala la tajiri mmoja aliyenunua ufuta na korosho. Baadaye likakaa tupu kwa muda mrefu, na sasa ulikuwa mwaka wa ishirini likiwa mgahawa wa Bi Biasha. Watu wa Nachingwea walikwenda pale hata kama nyumbani kwao chai ilikuwepo. Waliipenda ile hewa ya baridi chini ya dari ndefu, na walimpenda Bi Biasha mwenyewe, ambaye alikataa kuiweka chai yake kwenye chupa. Aliiweka kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la mkaa, palepale ukumbini karibu na ngazi, akaichota kwa upawa mbele ya macho ya mteja.

Tunu aliagiza chai ya maziwa, chapati na mbaazi za nazi. Mzee alikuwa hajatulia. Alitazama boriti, akatazama milango ya buluu, akamwuliza Tunu kama yule mjusi ukutani ni mjusi kweli au doa. Alisema ujanani aliwahi kupakia magunia katika jengo hili, na kwamba ngazi ile aliipanda na kuishuka mara nyingi kuliko alivyopanda kitu kingine chochote duniani. Tunu alimsikiliza kwa furaha. Alikuwa hajawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja.

Chai ikaletwa. Mzee akamega chapati, akachovya kwenye mbaazi, akainua mkono kuelekea mdomoni, na mkono ukaishia hewani.

Tunu alidhani jicho limeanza kuuma. Muuguzi alikuwa amewaonya kwamba huenda akaona vimulimuli siku za mwanzo. Akamwuliza kama anaumwa. Mzee alirudisha tonge kwenye sahani polepole, akanyoosha mkono mwingine chini ya meza, akamshika Tunu kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mama Zuhra," alisema kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. "Usiinuke kwa haraka. Tazama chini ya lile jiko."

Tunu akatazama. Jiko la Bi Biasha lilikuwa kubwa, la chuma, na kwa sababu ya ile sakafu ya mbao halikuwekwa chini hivihivi. Lilikalishwa juu ya kitu cha duara, kinene kiasi cha upana wa kiganja, kilichoenea kama sinia. Kilikuwa na rangi ya kijani iliyokolea, na pembeni kilikuwa na kishikio cha waya.

Akamwambia mzee kwamba ni chuma tu cha kuzuia moto usiunguze mbao.

"Ni bomu," mzee alisema. "Lile la kufukia barabarani, la kulipua magari."

Jambo la kwanza lililomjia Tunu ni kwamba mzee amechanganyikiwa, kwamba jicho jipya linamletea mambo. Akamwuliza, kwa upole kama anavyomwuliza mtoto, amejuaje.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyelileta humu."

Akamweleza huku akiwa hajauachia mkono wake na hajaliondoa jicho kwenye jiko. Alisema haraka na kwa kukatakata, na mara mbili alichanganya Kimwera. Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili, yeye akiwa na miaka kumi na tisa. Yeye na rafiki yake Augustino, mtoto wa mhunzi wa Ruponda, walikuwa wakipeleka kuni kwenye kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, huko nje ya mji. Siku moja waliona vyuma vizuri vimepangwa chini ya turubai, wakaiba viwili. Walifikiri watapata majembe na mapanga. Augustino alichukua chake akakipeleka kwenye kiwanda cha baba yake porini, wakati baba hayupo, akakiweka motoni ili kilegee. Mahamudu alikuwa njiani anakuja na chake begani aliposikia mshindo. Alipofika hakukuwa na kiwanda. Palikuwa na shimo.

Alikimbia na kile chuma begani hadi mjini, kwa sababu hakujua namna ya kukitupa. Akakisukumia ndani kabisa ya stoo iliyo chini ya ngazi hii, nyuma ya magunia, akakizibia kwa matofali, akakaa kimya. Miaka hamsini na zaidi hakumwambia mtu yeyote.

"Cha Augustino kililipuka kwa moto," alisema. "Tazama rangi."

Sasa Tunu aliona. Pale miguu ya jiko ilipogusa chuma, rangi ya kijani ilikuwa imevimba na kufanya malengelenge, na lengelenge moja lilikuwa limepasuka. Kulikuwa na harufu pia. Alikuwa ameisikia tangu walipoingia, akadhani ni mafuta ya chapati.

Ukumbini walikuwa watu kama kumi na wawili. Wanaume wanne walikuwa wakibishana bei ya ufuta. Mama mmoja alikuwa akimnywesha mwanawe uji. Mteja mmoja akasogeza kiti, miguu ya kiti ikakwaruza ubao, na Tunu akaona majivu ndani ya jiko yakitikisika.

Aliinuka taratibu kama alivyoambiwa. Kutoka mezani hadi kwa Bi Biasha hazikuwa hatua kumi, lakini alizisikia zote zikilia chini ya kandambili zake. Akamvuta Bi Biasha pembeni, akamnong'oneza.

Bi Biasha alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, aliyezoea wateja wa kila namna. Alicheka kwanza. Kisha alimwangalia mzee kule mezani, akaliona lile jicho jekundu la upasuaji, akasema shikamoo yake na heshima zake zote apewe, lakini apelekwe nyumbani akapumzike. Chuma kile amekiokota mwenyewe Jumamosi alipokuwa anasafisha stoo ya chini ya ngazi, matofali ya zamani yalipokuwa yamemomonyoka. Siku ya nne leo anakipikia. Kama kingekuwa bomu si wangeshakufa.

Lakini mzee alikuwa amekwisha kuwafikia, kwa hatua zake fupi, akijishikilia kwenye viti.

"Mwanangu," alimwambia Bi Biasha, "mimi sijakigeuza hicho chuma leo. Wewe ulikigeuza. Chini yake kuna maandishi ya rangi ya manjano, herufi na tarakimu, na kuna kovu refu pembeni mwa maandishi. Kovu lile nililitia mimi nilipokiangusha kwenye jiwe. Kama si kweli, niite kichaa."

Bi Biasha alikuwa ameyasugua maandishi yale kwa mchanga na sabuni Jumamosi nzima na hayakutoka. Kicheko kilimwisha usoni kama kilichofutwa kwa kitambaa. Aliinama kidogo, akayaona malengelenge, na alipoinuka midomo yake ilikuwa imekuwa ya rangi ya majivu.

"Mama yangu yuko juu," alisema.

Bi Mwanaima, mama yake, alikuwa amelala chumba cha ghorofani mwaka wa pili sasa, upande mmoja wa mwili umepooza. Ngazi ilikuwa moja tu, na kidato chake cha chini kilikuwa hatua mbili kutoka kwenye jiko.

Ni Bi Biasha aliyewatoa wateja. Alisimama katikati ya ukumbi, akasema kwa sauti yake ileile ya kila siku kwamba chakula kimeingia kitu kibaya, hakuna anayeruhusiwa kula zaidi, kila mtu atoke kwa mlango wa mbele na avuke barabara. Watu walinung'unika. Mmoja wa wale wa ufuta alitaka kumalizia chapati yake, akasema tumbo ni lake. Bi Biasha akampokonya sahani. Walitoka kwa mwendo wa watu walioshiba, wakisukuma viti, wakiburuza viatu, mtoto wa yule mama akirukaruka kwa sababu mbao zile zilimpendeza zinavyolia, na Tunu alibaki ameganda kando ya ukuta akiyatazama majivu. Kila kishindo alikipokea kwenye meno yake.

Barazani alikuwepo Sadiki, fundi cherehani. Bi Biasha alimwambia ukweli. Sadiki aliacha gauni la mtu chini ya sindano, akawasukuma watu hadi ng'ambo, akapiga simu polisi, kisha akarudi mlangoni na jibu lao: wote watoke mara moja, asiguse mtu kitu chochote, wanakuja.

Hilo lilikuwa jibu sahihi, na Tunu alitamani kulitii kuliko alivyowahi kutamani kitu. Mlango ulikuwa wazi. Nje jua lilikuwa linawaka na watu walikuwa wamesimama salama wakiulizana. Lakini Bi Biasha hakumwacha mama yake, na kumshusha mgonjwa yule kulihitaji watu wawili wazito waishuke ngazi ile ubao kwa ubao, mkaa ukiendelea kuwaka pale chini.

"Moto utolewe kwanza," mzee alisema. "Halafu mumshushe."

Alichukua koleo la mkaa lililokuwa limeegemezwa ukutani. Mkono wake ulitetemeka mno hata ncha za koleo zikagongana, kii kii kii. Alijaribu kuushika kwa mkono wa pili, na wa pili haukuwa afadhali. Tunu akamtazama. Alimfikiria Zuhra na mdogo wake, kwamba saa hizi wametoka shule kwa ajili ya uji. Kisha akalichukua koleo mikononi mwa baba mkwe wake. Baadaye watu walimwuliza alifikiri nini, na aliwajibu kwamba hakufikiri, bali hangeweza kusimama na kuusikiliza ule mlio tena.

Kwanza yeye na Bi Biasha waliinua sufuria la chai. Walilishika kwa vitambaa, wakahesabu kwa macho tu, wakalipandisha moja kwa moja juu, bila kulivuta. Chai ilimmwagikia Tunu mguuni. Hakulia. Walilitua mbali, Bi Biasha akapanda ngazi pamoja na Sadiki kwa vidole vya miguu.

Mzee alileta debe la majivu kutoka mlango wa nyuma, akalisogeza karibu na Tunu, akakaa chini kwenye sakafu ili jicho lake liwe sawa na jiko.

"Moja moja," alisema. "Usikwangue."

Tunu alipiga magoti. Joto lilimpiga usoni. Alikamata kaa la kwanza, likavunjika, kipande kikadondokea nje ya jiko, kikagonga chuma na kubaki palepale juu ya rangi kikiwaka. Hakupumua. Mzee alikiokota kwa vidole vyake vitupu akakitia kwenye debe. Kaa la pili. La tatu. Jasho lilimwingia machoni na hakuthubutu kujifuta. Alianza kusoma Fatiha kimoyomoyo, akafika katikati akasahau, akaanza tena, akasahau palepale. Chuma kilitoa mlio mdogo, tik, kama cha bati la paa wingu linapofunika jua, na wote wawili wakatulia. Kikatoa mwingine. Mzee alisema labda kinapoa. Alisema labda.

Juu yao mbao zililia. Sadiki na Bi Biasha walikuwa wanashuka, Bi Mwanaima katikati yao amefungwa ndani ya shuka kama mzigo. Kila walipokanyaga kidato, vumbi lilidondoka kutoka chini ya ngazi juu ya mgongo wa Tunu. Bi Mwanaima, ambaye hakuambiwa lolote, alikuwa akiuliza kwa ulimi wake mzito kama ni msiba. Walipofika kidato cha mwisho Sadiki aliteleza, bega lake likagonga nguzo, na jengo zima, kwa masikio ya Tunu, likatoa sauti. Yale makaa mawili yaliyobaki yakaviringika upande mmoja wa jiko.

Hakuna kilichotokea. Wakapita. Tunu alisikia Bi Biasha akilia mara alipofika barabarani.

Alitoa yale mawili. Majivu yaliyobaki aliyaacha. Mzee alijaribu kusimama akashindwa, miguu ilikuwa imekufa ganzi, na Tunu akamwinua kwa kumkumbatia kifuani, jambo ambalo mkamwana hamfanyii baba mkwe, wakatoka hivyohivyo, polepole, hadi ng'ambo na zaidi ya ng'ambo, mpaka polisi walipowapokea na kuwaambia wanaweza kusimama.

Wanajeshi walikuja alasiri. Barabara ilikuwa imefungwa na maduka yote ya jirani yalikuwa matupu. Askari wawili waliovaa mavazi mazito waliingia, wakakaa humo kwa muda ambao Tunu hakuweza kuupima. Walitoka na sanduku la mchanga wakilibeba kama maiti. Kabla ya magharibi mshindo ulisikika kutoka porini nje ya mji, na njiwa wote wa Jengo la Karanga wakaruka. Tunu alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani mwa jirani. Mshindo ule ndio uliomwangusha. Meno yaligongana, mwili ukatetemeka mzima, na wanawake wakamfunika khanga mbili ili apate joto.

Ofisa wa jeshi alimwambia mzee kwamba bomu lilikuwa bado zima, na kwamba hawezi kueleza kwa nini halikulipuka siku nne zile. Mzee alitoa maelezo yake yote, pamoja na wizi. Alitoa mikono yake mbele akidhani atafungwa pingu. Polisi waliandika, wakamweka kidole gumba kwenye wino, wakamwambia aende nyumbani, akihitajika ataitwa.

Walilala kwa jamaa ya Sadiki, na asubuhi wakapanda gari la Ruangwa. Walipokaribia Ruponda mzee alimwomba dereva asimamishe. Tunu alidhani anataka kujisaidia.

"Agripina yupo hapa," alisema. "Dada yake Augustino."

Tunu alimwomba waende kwanza nyumbani, wazungumze na Ismaily, waje na wazee. Alijua kitu kuhusu kifo cha Augustino, kama walivyojua watu wote wa upande ule, ingawa hadi jana hakujua kwamba kinamhusu baba mkwe wake. Ilisemwa kwamba mhunzi wa Ruponda alimtoa mwanawe kafara kwa radi ya kutengenezwa, radi ya kiangazi, isiyo na wingu, ili apate utajiri. Walimfukuza. Alihamia Mbwemkuru na akafia huko, na waliomzika walikuwa wachache.

Mzee alikuwa ameshashuka.

Agripina walimkuta uani anapepeta mbaazi, mwanamke wa miaka kama sitini na mitano, mrefu, mwenye rozari shingoni. Aliwakaribisha, akatoa kigoda. Mzee alikataa kukaa. Alisema jina lake, akaeleza tangu turubai hadi shimo, hakujipunguzia hata moja. Mara moja ilibidi Tunu amshike kiwiko.

Agripina aliendelea kupepeta kwa muda. Kisha aliweka ungo chini. Tunu alisogea nusu hatua mbele ya mzee, bila kujua angefanya nini, kwa sababu pembeni ya yule mama kulikuwa na panga la kuni na macho yake yalikuwa yametua hapo.

"Baba alikuwa ananiuliza mimi," Agripina alisema. "Kila mwaka. Ananiuliza kama mimi pia naamini."

Mzee aliinamisha kichwa.

"Na nilikuwa naamini," Agripina akasema.

Kuku walikuja wakaanza kula mbaazi kwenye ungo na hakuna aliyewafukuza. Mwishowe Agripina alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akamwambia mzee kwamba yeye peke yake kusikia haitoshi. Waliomfukuza baba yake wengine wapo hai, na wengine wana watoto wanaosema maneno yaleyale hadi leo. Jumapili watu wakitoka kanisani, na Waislamu wakiitwa pia, aje aseme hivyohivyo mbele yao, akisimama.

Mzee alisema atakuja. Alipogeuka kuondoka alijikwaa kwenye kizingiti cha ua, na Agripina ndiye aliyemdaka.

Jumapili ile Ismaily alimsihi asiende. Wajomba walimsihi. Tunu hakumsihi. Aliamka alfajiri akampigia pasi kanzu, mguu wake ukiwa bado una malengelenge ya ile chai, na alipomaliza alifunga khanga yake, akachukua fimbo ambayo mzee hakuihitaji tena, akatoka naye.